Soketi Dume Inatafuta Jike

Waingereza wana aina ya gari linalouzwa likiwa ndani ya maboksi. Mnunuzi hupelekewa fremu ya chuma, bodi ya faibaglasi, viti viwili na mifuko ya nati. Injini, giaboksi, ekseli na usukani anajitafutia mwenyewe kwenye gari kuukuu alilolinunua kwa bei ya kutupa. Kisha anajifungia gerejini, na baada ya misimu kadhaa ya baridi hutoka na gari la michezo lisilo na paa la maana, linalomlowesha mvua ikinyesha, naye anacheka peke yake barabarani.

Chimbuko la wazimu huu ni kodi. Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyotoka mwaka 1957, ilikuwa nafuu zaidi ukiinunua vipandevipande, kwa kuwa gari lililokwisha kuungwa lilitozwa kodi ya manunuzi, na lile la kujiungia halikutozwa. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza kumpa mnunuzi maelekezo ya kuunga gari, basi Lotus wakampa maelekezo ya kulifungua, ayasome kuanzia mwisho kwenda mwanzo. VAT ilipoingia mwaka 1973 mwanya ule ukazibwa. Caterham ikachukua haki za kuunda Seven mwaka huohuo, na watu wakaendelea kuunga magari bila hata kisingizio cha kodi. Mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu kilichomwahidi msomaji gari la michezo kwa pauni 250 tu. Pauni hizo leo hazitoshi kununua hata koleo la kubania pini za waya, lile la kiwandani. Tutalifikia.

Bwana mmoja wa maeneo ya katikati ya Uingereza, ambaye jina lake tunamsitiria, alinunua gari la namna hii likiwa limelala chini ya turubai kwa miaka. Lilikuwa limeungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mtu mwingine, kwa viungo vya Ford Sierra, gari lililoundwa kuanzia 1982 hadi 1993. Rafiki zake wote walimwonya kuhusu kutu. Wengine walimwonya kuhusu injini. Kutu ikakwanguliwa, injini ikafunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa na ikanguruma. Hakuna aliyemwonya kuhusu soketi, yaani vile viplastiki vidogo vinavyounganisha waya na waya, au waya na taa.

Dalili zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Alipowasha indiketa ya kushoto, honi ililia. Alipokanyaga breki, taa ndogo za mbele ziliwaka kwa unyonge, na taa za dashibodi nazo zikamkonyeza. Waipa zilifanya kazi vizuri sana, ila hazikukubali kuzimwa.

Alipolala chali na kuingiza kichwa chini ya dashibodi, aliona kazi ya mjenzi wa kwanza. Waya zote zilikuwa nyekundu. Si karibu zote: zote. Ni dhahiri mjenzi yule alipata rola moja kubwa kwa bei nzuri, akaona rangi ni anasa. Pale zilipokutana, alitumia ule ukanda wa plastiki nyeupe wenye skrubu ambao mafundi wa nyumba hufungia taa za dari. Kitu kile kimekusudiwa kukaa kimya juu ya dari miaka thelathini, si kutikiswa kwenye gari lenye springi ngumu. Kila mtikisiko ulilegeza skrubu kidogo, na kila skrubu ililegea kwa wakati wake. Ndiyo maana gari lilikuwa na hitilafu mpya kila asubuhi.

Penye haraka zaidi, alitumia zile klipu za bluu zinazobanwa kwa koleo juu ya waya mzima ili kuiba umeme bila kukata. Klipu hizo zina ulimi wa chuma unaopasua ganda la waya na kuuma shaba iliyo ndani. Ukiitumia kwenye waya mwembamba kuliko kipimo chake, ulimi haugusi sawasawa. Kwenye waya mnene, unakata nyuzi kadhaa za shaba na kuziacha chache zibebe mzigo wote. Na kwa kuwa ganda limeshapasuliwa, unyevu unaingia, shaba inageuka kijani, na taa inaanza kuwaka kwa matakwa yake.

Nani alilikagua gari hili kabla halijaingia barabarani? Ukaguzi maalumu wa magari madogo ya kujiungia, uliojulikana kwa kifupi chake SVA, ulianza Uingereza mwaka 1998, na mwaka 2009 ukarithiwa na mwingine mkali zaidi uitwao IVA, unaotaka waya zishikizwe kila baada ya sentimita 30. Gari hili liliwahi kabla ya kaguzi zote mbili. Mjenzi wetu wa kwanza alimaliza kazi yake katika zama za uhuru.

Bwana huyu akaamua kung'oa waya zote na kuanza upya, uamuzi ambao kwenye karatasi unachukua mstari mmoja.

Jambo la kwanza lililomkwaza lilikuwa rangi. Waingereza walikuwa na utaratibu mzuri wa rangi za waya za magari, na wasomaji waliowahi kuhangaika na Land Rover za zamani huku kwetu wanaujua hata kama hawajawahi kuuona kwenye karatasi: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, nyeupe ni baada ya swichi ya ufunguo, kijani ni umeme wa ufunguo uliopitia fyuzi, zambarau ni moto wa kudumu uliopitia fyuzi, bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni eathi. Utaratibu wa Wajerumani, ambao Sierra iliufuata, unasema kahawia ni eathi. Sasa basi, gari la bwana huyu lilikuwa na mota ya waipa ya Lucas, ya Kiingereza, na swichi za usukani za Sierra. Fundi anayefunga kahawia kwa kahawia katika gari kama hilo anaunganisha betri na eathi bila kitu katikati. Moshi unaotoka hauna rangi ya kimataifa inayobishaniwa.

Rangi, hata hivyo, mtu anaweza kuziandika kwenye daftari. Soketi haziandikiki.

Gari la kawaida lina ukoo. Toyota ikiharibika soketi, unakwenda kwa muuza vipuri vya Toyota, au unaikata kwenye Toyota nyingine iliyokufa. Gari la kujiungia halina ukoo. Taa za nyuma zimetoka kwa huyu, swichi kwa yule, mota ya waipa kwa marehemu fulani wa miaka ya 1970, na kila kimoja kimekuja na soketi ya kiwanda chake. Msomaji asidhani ni ufukara wa wajenzi wa gerejini. Lotus Esprit ilivaa vitasa vya milango vya Morris Marina, gari la mkaguzi wa shule, na kuanzia toleo la pili ikavaa taa za nyuma za Rover SD1. Jaguar XJ220, lililokuwa miongoni mwa magari yenye mbio kuliko yote duniani wakati wake, lina taa za nyuma za Rover 200. Aston Martin DB7 ilikopa za Mazda 323F. Ukinunua taa ya mwenzio, unanunua na soketi yake. Tofauti ni kwamba Jaguar ina idara ya kuhifadhi michoro, na bwana huyu ana kopo la biskuti.

Ndani ya kopo hilo mlikuwa na soketi nyeusi ya matundu mengi, iliyotoka kwenye swichi za usukani. Ilikuwa nzima. Ilichokosa ni mwenzake: mjenzi wa kwanza alikuwa ameikata ile ya upande wa pili na kuzichomeka waya zake nyekundu mojamoja kwa terminali za kubahatisha. Kazi ilikuwa kumtafutia soketi huyu mchumba.

Alianza na katalogi, na hapo ndipo alipokutana na suala la dume na jike. Mafundi wote, wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Birmingham, huita dume kile kinachoingia na jike kile kinachopokea. Lugha hiyo inatosha kabisa mpaka ukutane na soketi ambayo ganda lake linaingia ndani ya mwenzake, lakini pini zilizomo ndani yake ndizo zinazopokea. Je, huyo ni dume au jike? Katalogi moja inahesabu ganda, nyingine inahesabu pini. Bwana huyu aliagiza jike, akaletewa dume. Akaagiza dume kwa muuzaji yuleyule ili kumtega, akaletewa dume, kwa kuwa safari hii alikuwa ameongea na mtu mwingine wa kaunta.

Akajaribu kutafuta kwa jina la kiwanda. Kwenye ubavu wa soketi nyingi za zamani kuna herufi ndogo zinazosomeka AMP. Kampuni hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1941 na Uncas Whitaker, ikitengeneza terminali za kubana bila risasi kwa ajili ya ndege na meli. Mwaka 1999 ilinunuliwa na Tyco, baadaye ikawa Tyco Electronics, na tangu 2011 inaitwa TE Connectivity, ambayo mwaka uliofuata ikainunua na Deutsch, watengenezaji wa zile soketi za kijivu zinazopendwa kwenye malori. Ukikuta imeandikwa Packard, hiyo ilianzishwa na ndugu wa Packard huko Warren, Ohio, mwaka 1890, kabla hawajaunda gari hata moja. General Motors ikaichukua mwaka 1932, ikaja kuitwa Delphi, na tangu 2017 ni Aptiv. Kijana wa kaunta asiyeyajua mabadiliko hayo akiulizwa Packard, anamwangalia mteja kwa huruma.

Ikabaki njia ya kupima. Kwa kipimo cha vernia, mambo yanaonekana rahisi: terminali bapa za magari zina upana wa milimita 2.8, 4.8, 6.3 au 9.5, na ile ya 6.3 ndiyo inayokutwa kila mahali. Shida iko kwenye zile za mviringo mfano wa risasi ya bunduki. Za Kiingereza za zamani, za shaba ya manjano, zina kipenyo cha milimita 4.7. Za Kijapani zina 3.9. Pakiti za bei poa zinazotundikwa karibu na mlango wa duka la vipuri zina za plastiki nyekundu za milimita 4 na za bluu za milimita 5. Kwa hiyo kwenye kiungo cha Lucas, nyekundu inaingia na kuchezacheza, bluu haiingii kabisa, na mtu mwenye nyundo karibu anaanza kupata mawazo.

Hapa inafaa kumtetea Joseph Lucas wa Birmingham, maana wenye magari ya Kiingereza walimbandika jina la Mkuu wa Giza kwa jinsi taa za magari yao zilivyokuwa zikizimika. Terminali zake za shaba, zikiwa safi na zimebanwa kwa chombo chake, hushika vizuri sana. Kilichokuwa kikiziua ni maji yaliyopenya kwenye mpira wa kiungo, pamoja na wenye magari waliokarabati kwa kisu cha jikoni na tepu. Bwana huyu alifungua viungo vya Lucas vyenye umri mkubwa kuliko mkewe, akavipiga brashi ya waya, vikafanya kazi. Klipu za bluu hakuokoa hata moja.

Hatimaye alikwenda Beaulieu, huko Hampshire, ambako tangu 1967 kunafanyika gulio kubwa la vipuri vya magari ya zamani. Ukitaka kabureta ya gari ambalo hata kiwanda chake kimesahauliwa, utaipata Beaulieu, kwenye meza ya mzee aliyejifunika blanketi. Bwana huyu alitembea na soketi yake mkononi akiionyesha kila meza. Wauzaji waliitazama, wakaigeuza, wakamrudishia kwa adabu. Mmoja tu aliitambua papohapo. Akainama chini ya meza, akaibuka na furushi zima la waya za Sierra, kuanzia dashibodi hadi taa za nyuma, lililofungwa kwa kamba.

Bwana huyu akaomba auziwe soketi peke yake. Mzee akasema furushi halikatwi.

Akalinunua, akalibeba hadi maegesho huku mikia ya waya ikiburuta kwenye nyasi. Jioni, gerejini, akalifungua na kuipata soketi aliyoitaka. Ilikuwa nzuri, haina hata mkwaruzo. Ilikuwa pacha wa ile aliyokuwa nayo. Aliyelikata furushi lile kwenye gari alikuwa ameiacha huko soketi ya upande wa waya, akatia furushini ile ya upande wa swichi.

Kushindwa huko kulimsukuma kwenye uamuzi ambao angeufanya mapema zaidi kama asingekuwa mtu wa kupenda vitu asilia. Kila soketi isiyo na mwenzake ingeondolewa, na mahali pake pawekwe soketi mpya za aina moja, pande zote mbili, zinazozuia maji. Akaagiza. Kikaja kifurushi kizuri chenye maganda matupu.

Mtu wa kawaida anaposema soketi, anadhani ni kitu kimoja. Kwenye katalogi ni vitu vinne. Kuna ganda. Kuna pini, ambazo ni za unene tofauti kulingana na waya. Kuna vipira vya kuzuia maji, vinavyochaguliwa kwa unene wa ganda la waya, si wa shaba yake, na hutofautishwa kwa rangi. Na kuna kabari ya kufungia pini zisirudi nyuma, kiplastiki kidogo kinachoagizwa peke yake na kuanguka chini ya friji peke yake. Wauzaji wakubwa wa pini huuza rola yenye pini maelfu, kwa kuwa wateja wao ni viwanda. Bwana huyu alihitaji pini za kutosha gari moja. Alimpata muuzaji wa rejareja aliyekubali kuzihesabu, akalipia usafiri uliozidi bei ya pini.

Kisha lile koleo. Pini ya kisasa ina jozi mbili za mabawa: moja inakumbatia shaba, nyingine inakumbatia ganda la waya na kipira chake. Koleo sahihi hukunja jozi zote mbili kwa umbo lake na haliachii mpaka shinikizo limefika. La kiwandani, lenye jina la mtengenezaji wa pini, huuzwa mamia ya pauni. Plaizi ya kawaida hulibana bawa likawa bapa, waya ukashika siku ile na kuchomoka siku ya mvua. Kuna wanaodhani dawa ni kuchoma risasi juu yake. Risasi hupanda ndani ya nyuzi za shaba, zikawa ngumu kama mswaki uliokauka, na pale ugumu unapokomea ndipo waya unapokatika kwa mtikisiko. Bwana huyu alinunua koleo la bei ya kati, akaharibu pini nyingi za mazoezi, kisha mkono ukazoea.

Zilibaki zile taa za mbele zinazowaka breki ikikanyagwa. Kwenye gari la bati, bodi yenyewe ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Taa ikifungwa kwa skrubu inapata eathi. Faibaglasi haipitishi umeme hata ukiibembeleza. Kila taa inahitaji waya wake wa kurudi hadi kwenye fremu, na mjenzi wa kwanza alizifunga taa zote za nyuma kwenye waya mmoja, akaushikilia kwa skrubu iliyoingia juu ya rangi. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, ya wati 21 kwa breki na ya wati 5 kwa taa ndogo, zinazotumia kitako kimoja. Umeme wa breki, amperi 1.75 kwa kila balbu, ulifika kitakoni, ukakuta njia ya kurudi imefungwa na rangi, ukapanda kupitia uzi wa pili, ukafuata waya wa taa ndogo hadi mbele ya gari na kurudia huko, ukiwasha kila kilichokuwa njiani. Ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, MOT, unalihesabu hilo kuwa kosa: taa moja haitakiwi kuathiriwa na kuwashwa kwa nyingine. Tiba yake ilikuwa kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, waya mnene, bolti na nati. Ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote alizofanya, na ndiyo iliyoondoa nusu ya mashetani.

Gari lilipita ukaguzi. Honi inalia ikibonyezwa. Swichi za usukani peke yake bado zimeungwa kwa terminali mojamoja, kila moja na kijilebo chake, na zile soketi mbili pacha zimekaa pamoja ndani ya kopo la biskuti.

Kwa hiyo msomaji popote ulipo, ukiwa na Sierra iliyokufa uani, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, fungua kava la usukani, chomoa swichi, na uikate ile soketi iliyobaki upande wa gari pamoja na shibiri nzima ya waya. Ya upande wa waya, tafadhali. Ya upande wa swichi tunazo mbili.